Bustani Niliyoifundisha Kutoka Barazani

Vijana walionirithi meza, kiti chenye miguu mitatu na nusu, na faili zima la malalamiko kuhusu kuku wa majirani, waliniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Niliwaambia kwamba mengi niliyojifunza yananitia haya. Wakasema hayo ndiyo hasa wanayoyataka. Basi nitaanza mwanzo, na anayetafuta habari za kupandishwa cheo asijisumbue, hazimo.

Kazi ya ubwana shamba niliianzia bara, upande wa Marafa, nikiwa na shati jeupe, tai, na bango la karatasi lenye picha za nafasi kati ya shimo na shimo la mahindi. Siku ya kwanza nilifika kwa mkulima mmoja, nikabisha hodi, nikaanza kulikunjua bango. Yule bwana alikuwa anapambana na beberu wake. Akaitazama tai yangu kwa muda, akasema, "Vizuri umekuja. Nishikie pembe hizi." Nilishika pembe karibu saa nzima huku yeye akimkata mnyama kwato. Bango nililiweka chini, na mbuzi jike aliyekuwa hana kazi akalila lote, kuanzia kwenye mashimo.

Ofisini nilipokewa na Mzee Mwaringa, bwana shamba mkongwe aliyebakisha mwaka mmoja astaafu. Alicheka hadi akavua miwani akaifuta. Kisha akanipa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kijiti cha mwarobaini, urefu wa mkono, kimechongwa ncha. "Chomeka ardhini, hesabu hadi kumi, kichomoe," alisema. "Kikitoka na udongo umekishika, usimwagilie. Kikitoka kikavu, mwagilia. Vile vipimo vya ofisini vyataka betri. Hiki kikivunjika, wakata kingine." Cha pili kilikuwa amri: nisimharakishe mtu katika kikombe chake, wala changu nisikiharakishe. Ukikaribishwa kahawa, uji au mnazi, unamaliza kwanza, ndipo unafungua mdomo kuhusu mimea. Amri hiyo niliishika kazi yangu yote, isipokuwa mara moja, nami nitaieleza.

Baada ya miaka mingi ya mihogo na mikorosho, nilihamishiwa Malindi mjini. Kazi mpya ilikuwa kuwafundisha watu kulima mboga majumbani mwao: uani, kwenye magunia, kwenye madebe mabovu, kwa maji yaliyooshea mchele na mboji ya maganda ya jikoni, bila dawa za sumu. Wenzangu wa bara walicheka sana. Waliniita bwana shamba asiye na shamba. Mkubwa wangu naye alinipa mtaa mmoja wa mji wa kale na msimu mmoja. Nikishindwa, alisema, kuna nafasi Mariakani ya kuandikisha mbuzi. Mimi na mbuzi tulishajuana.

Mzee wa mtaa aliniambia nisihangaike na nyumba zote. "Hapa watu humtazama Bi Zena," alisema. "Akilima yeye, watalima. Akimwaga saruji yeye, wote watamwaga saruji. Hata pazia akibadilisha, wiki hiyohiyo mtaa mzima una mapazia mapya."

Bi Zena, ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa, alikuwa mjane. Mwanawe wa kiume alifanya kazi Mombasa, na nyumbani walibaki wanawake watatu: yeye mwenyewe, binti yake Nunu aliyekuwa mchumba wa mtu, na Saumu, mke wa yule mwana. Nilifika asubuhi, nikasimama kando ya baraza ya mawe iliyoko nje, nikabisha.

"Hodi!"

"Karibu hapohapo ulipo," ilijibu sauti kutoka nyuma ya pazia la mlango.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzetu?"

"Mimi ni bwana shamba."

"Hapa hapana shamba."

Nilieleza habari za kulima uani. Alinisikiliza hadi mwisho, maana watu wa Malindi hawamkati mtu maneno, kisha akasema, "Uani kwangu haingii mwanamume asiyekuwa wa nyumba hii. Mwanangu akiwa hayupo, mwisho wako ni baraza."

"Basi nitafundisha kutoka barazani."

"Sauti unayo?"

"Ninayo, Bi Mkubwa."

"Haya, tufundishe. Lakini usipaze sana, majirani watadhani twagombana."

Hapo ndipo nilipouliza kuhusu fungu la mchanga na fungu la kokoto yaliyomwagwa mbele ya baraza. Bi Mkubwa alinieleza bila kuficha. Arusi ya Nunu ilikuwa baada ya miezi mitano, na yeye alikusudia uani kote kumwagwe saruji, wageni wakae mahali safi. Saumu alimlilia amwachie udongo. "Nimempa mpaka arusi," alisema. "Kukiwa na kitu cha maana, udongo wake utabaki. Kukiwa na uchafu, fundi aingia."

"Kwani fundi si mwanamume?" niliuliza, maana nilitaka kuelewa sheria za nyumba.

"Fundi ni mwana wa dada yangu. Wewe ni mwana wa dada yangu?"

Nilikiri kwamba mimi siye. Ndipo nikaisikia sauti ya Saumu kwa mara ya kwanza, ndogo, ya mtu anayeongea mbele ya mama mkwe wake. "Bwana Shamba, mimi natoka Matsangoni. Nimelelewa shambani. Hapa hata mchicha twaununua kwa fungu. Lakini asubuhi nikikanyaga ule udongo wa uani, najiona niko kwetu. Wakiufunika, nitakanyaga nini?"

Niliangalia viatu vyangu. Mimi pia ni mtu wa bara niliyepanga chumba mjini chenye sakafu ya saruji hadi mlangoni, na maneno yale yaliniuma. Tangu siku hiyo sikuifikiria tena Mariakani. Nilitaka tu yule dada asinyang'anywe udongo wake.

Basi tukaanza. Nilikuwa nikifika kila Jumanne, nakaa barazani kando ya kokoto, nalifundisha pazia. Nilieleza jinsi ya kuchanganya samadi, jinsi ya kusia mbegu za pilipili na bilingani kwenye vifuu vya nazi, jinsi ya kuotesha bamia. Wapita njia walinikuta nimekaa peke yangu nikihutubia kitambaa chenye maua, na wawili watatu waliniombea dua. Kijiti cha Mzee Mwaringa kiliingia mahali nisipoweza kuingia mimi: nilikipitisha chini ya pazia, Saumu anakichomeka uani, kinarudi, nakisoma.

Majani yenye ugonjwa nayo yalinijia kwa sinia. Sinia lilisukumwa chini ya pazia, limefunikwa kawa la ukili kama kawaida ya chakula cha mgeni. Jumanne za kwanza nilifunua kawa nikakuta mahamri na kahawa. Jumanne ya tano nilifunua kwa furaha, mkono ukiwa tayari, nikakuta viwavi kumi na wawili wanene juu ya jani la bilingani, na mmoja tayari anapanda kwenye kidole changu. Nilipiga ukelele. Nyuma ya pazia Nunu alicheka mpaka akakohoa. "Tuwafanyeje hawa, Bwana Shamba?" aliuliza Saumu. Nilimwambia awaokote kwa mkono, na majivu ya jikoni yafuatie. Tangu siku hiyo kila kawa nililifunua kwa ncha ya kijiti.

Mambo yaliharibika nilipofika somo la matandazo. Nilikuwa nimelipenda somo hili tangu chuoni. Udongo wetu wa pwani ni mchanga, nilieleza, maji hupita tu, na jua likiupiga uchi, mizizi inapikwa. Funikeni udongo kwa majani makavu, tabaka la vidole vinne. Udongo usikae uchi hata siku moja.

"Wa kwangu hauko uchi," alisema Bi Mkubwa. "Huoni uko nyuma ya ukuta?"

Wiki iliyofuata kijiti kilirudi kikavu, cha moto. Niliuliza kama wamemwagilia. Wamemwagilia. Niliuliza kama wametandaza majani. Saumu alisema ametandaza.

"Yapo?"

"Yalikuwapo," alisema Saumu.

"Yamekwenda wapi?"

Kisha Nunu akasema upesi, "Ni kunguru, Bwana Shamba. Wayachukua kujengea viota."

Nami nikaamini! Kunguru wa Malindi huiba sabuni na vijiko, seuze majani makavu. Nilimwambia Saumu atandaze tena, kwa wingi zaidi. Jumanne nyingine, mambo yale yale: majani yalikuwapo, sasa hayapo, miche inanyauka. Nilirudi ofisini nikaandika ripoti ya kurasa mbili kuhusu kunguru na matandazo, pamoja na mchoro wa kiota. Ripoti hiyo bado imo kwenye faili la kijani. Naombeni muichome.

Fungu la kokoto lilizidi kunitazama. Ilibaki miezi mitatu. Fundi alishapita mara mbili kupima uani kwa kamba, na majirani walishaanza kuulizia bei ya mchanga.

Wiki ya tisa niliomba niletewe konzi ya udongo wenyewe. Sinia likaja. Nilifunua kawa kwa kijiti, nikakuta udongo umewekwa vizuri kwenye kisahani, na juu yake, katikati kabisa, kipande cha chelewa, ule uti wa ukuti wa mnazi unaofungiwa mafagio. Nilikishika, nikakigeuza. Kipande cha ufagio kilifika vipi katikati ya miche?

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Mama yangu mzazi, kule Marafa, alifagia uwanja kila siku kabla hakujapambazuka, hadi mchanga ukawa na mistari, na mtoto aliyeacha jani moja alitafutwa. Mke wangu hufanya vivyo hivyo mpaka leo. Nimekulia kwenye uwanja uliofagiwa, kisha nikasoma somo la matandazo chuoni, nikarudi kuwaambia wanawake wa pwani waache majani uani yalale. Nyumba nzima ilijua aliyekuwa akiyaondoa, isipokuwa mtaalamu. Saumu hangeweza kumshitaki mama mkwe wake kwa mwanamume mgeni, tena barabarani. Alichoweza ni kuweka kipande cha chelewa kwenye kisahani na kunyamaza, akitumaini kwamba serikali imemtuma mtu mwenye macho.

Mimi pia singeweza kumtaja Bi Mkubwa kwa ubaya huku majirani wakisikiliza. Nikanywa kahawa yangu hadi mwisho. Kisha nikasema, "Bi Mkubwa, naona uani kwako ni pasafi kuliko mtaa wote."

"Waona vipi na wewe uko nje?"

"Kijiti kimeniambia."

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyesifiwa panapostahili. "Nafagia kabla ya adhana ya alfajiri, tangu nilipoolewa. Hata nikiumwa."

"Na yale majani anayoyatandaza Saumu?"

"Niyaache? Mgeni akiingia aseme nyumba hii haina mwanamke? Mimi namwona mkaza mwanangu ana akili zake, lakini kila jioni amwaga taka uani, nami kila alfajiri naziondoa. Nimemstahi, sikumwambia kitu."

Nyuma ya pazia nilimsikia Saumu akishusha pumzi. Wanawake wawili chini ya paa moja, mmoja anamwaga, mwengine anafagia, mwezi mzima, na hakuna aliyevunja adabu kwa neno moja.

"Ukisha kuzifagia wazipeleka wapi?" niliuliza.

"Nazichoma pale ukutani."

"Badala ya kuzichoma, Saumu akipanga makumbi ya nazi kuizunguka ile miche, wewe waweza kuzifagia ukazitia mle ndani?"

Alifikiri. Makumbi ya nazi alikuwa nayo mengi, na moshi wa taka ulishamletea maneno na jirani aliyeanika nguo. "Ndani ya makumbi patakuwa si uwanja?"

"Si uwanja."

"Patakuwa nini?"

Nilikuwa na jina la kitaalamu, lakini nililimeza.

"Ni jaa," alijijibu mwenyewe. "Jaa si haya. Kila nyumba ina jaa."

"Ni jaa, Bi Mkubwa," nilisema. Hivyo ndivyo nilivyokubali, mimi mwenye cheti ukutani, kwamba bustani yangu ya mfano ni jalala.

Vijana, hamjapata kuona matandazo kama yale. Mwanamke aliyefagia miaka arobaini sasa alipata pa kutia. Alimaliza uani kwake, akafagia mbele ya nyumba, akafagia chini ya mti wa mkungu wa jirani, akapita akiwakemea waliokuwa wakichoma majani na kuyachukua kwa ungo. Jumanne ya tatu baada ya hapo kijiti kilirudi kimeshikwa na udongo mweusi, baridi, hadi katikati. Nilikibusu. Mmoja wa wale waliokuwa wakiniombea dua alipita wakati huohuo, akaongeza mwendo.

Siku sita kabla ya arusi, fundi alikuja na sepeto na mifuko ya saruji. Nilikuwapo barazani. Alinisalimu, akachota kokoto karai la kwanza, akainua pazia, akaingia. Nilikaa nimekunja mikono. Nilisikia sepeto likigonga. Nilisikia Saumu akianza kusema neno, akaliacha. Kisha sauti ya Bi Mkubwa, bila haraka: "Anzia mlango wa jikoni, ufike chooni. Pale pembeni tengeneza kikalio cha pipa la maji ya mvua. Basi."

"Na huku kwengine, mamangu mdogo?"

"Huko ni kwenye jaa la Saumu. Ukikanyaga hata mche mmoja, arusini huli."

Baada ya muda sinia lilisukumwa nje: kahawa, na mahamri manne badala ya mawili. Niliyala yote manne. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini.

Arusini nilikaa na wanaume nje, nikala pilau na kachumbari iliyokuwa na pilipili ninayoijua tangu utoto wake. Uani, nilisimuliwa, wageni waliongozwa na Bi Mkubwa mwenyewe kwenda kulitazama jaa. Kufikia mwisho wa mwezi nyumba saba za mtaa ule, pamoja na ya Bi Mkubwa, zilikuwa na majaa, na nyumba hizo sita nyingine niliingia kwa miguu yangu, kwani wenye nyumba walikuwapo. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, alinitaka nizitie nyanya zake alama, na nilipozipa sita kwa kumi alikata rufaa hadi kwa mkubwa wangu. Mkubwa wangu hakunitajia mbuzi tena.

Lakini kwa Bi Mkubwa sheria haikubadilika. Miaka kumi na mmoja nilikaa barazani pale. Nilijua bustani ile jani kwa jani, kwa sinia na kwa kijiti, nami sikuwahi kuiona. Nilikuwa nikiota jinsi ilivyo. Kila Jumanne nilipiga hodi nikajibiwa karibu hapohapo, na sikulalamika, ila kila nilipoinuka kwenda zangu nililitazama lile pazia.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda kuaga. Bi Mkubwa alikuwa amezeeka, sauti imeshuka.

"Hodi!"

"Karibu ndani."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikabaki na mguu mmoja hewani.

"Karibu ndani, mwanangu. Mwenye nyumba yupo." Mwanawe akainua pazia akanipa mkono. Alikuwa ameomba ruhusa kazini Mombasa na kusafiri jana yake, kwa sababu hiyo tu, mama yake aweze kunikaribisha kwa sheria.

Tulipita ukumbini, tukatoka uani. Kwanza nilimwona Saumu, ambaye miaka yote nilimjua kwa sauti na kwa viwavi. Kisha nikaona mipapai miwili, mibamia mirefu kunipita, pilipili nyekundu, bilingani zinazong'aa, mchicha mpana. Ilikuwa nzuri kuliko ndoto yangu. Kisha nikatazama chini.

Hapakuwa na jani hata moja. Ndani ya makumbi na nje yake, kila mahali, udongo ulikuwa uchi, umefagiwa, una mistari ya chelewa hadi kwenye mashina. Saa nne ya asubuhi, jua linawaka juu yake.

Bi Mkubwa alisimama katikati, ameegemea ufagio, jasho linamtoka. "Tangu kabla ya alfajiri nafagia," alisema. "Wajukuu walitaka kunisaidia, nimekataa. Wewe si mgeni wa kupokewa na taka."

Nilimtazama Saumu. Aliinamisha uso, akanionyesha ukutani kwa jicho tu. Magunia tisa yalipangwa pale, yamejaa majani, hayakufungwa midomo.

Nilitaka kusema neno la kazi, na kazi yangu yote nilikuwa nalo. Lilikataa kutoka. Machozi ndiyo yaliyotoka. "Panapendeza, Bi Mkubwa," nilisema, na nilikuwa nasema kweli.

"Kaa basi unywe kahawa, usiwe na haraka."

Niliketi. Mchicha wa karibu nami ulikuwa umeshaanza kulegeza shingo. Nikaipiga kahawa ile ikiwa ya moto, kikombe kizima mara moja, ikaniunguza ulimi hadi kesho yake, nikasimama, nikaaga. Mzee Mwaringa anisamehe. Sikuwa nimefika mwisho wa baraza niliposikia nyuma yangu magunia yakimwagwa.